Asiklovia ya Kupaka, Vidonge vya Asiklovia na Valasiklovia: Ipi Ununue kwa Malengelenge ya Sehemu za Siri

Mwenye aibu hukimbilia krimu kwanza, kwa sababu kuomba tyubu ya kupaka ni rahisi kuliko kueleza tatizo. Basi tuimalize mapema: kwa malengelenge ya sehemu za siri, krimu ya asiklovia ya 5% ni hela iliyopotea. Unaipaka mara 5 kwa siku, inachonyota kwenye kidonda kibichi, haikutengenezwa kwa ajili ya ndani ya uke, na ukiitumia pamoja na vidonge haiongezi kitu cha maana. Kirusi cha hepesi, ndicho kinacholeta malengelenge haya, makazi yake ni mafundo ya neva yaliyo chini ya mgongo. Kikiamka hushuka kwa njia ya neva. Ngozi ni mlango wa kutokea tu.

Vidonge vya asiklovia ni habari nyingine. Boksi likiandikwa Aciclovir au Acyclovir, dawa ni ile ile. Huamshwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, kwa hiyo nguvu yake huishia zaidi kwenye seli zilizoambukizwa, na watu wengi hawapati zaidi ya kichwa kuuma au kichefuchefu. Udhaifu wake ni mmoja, na mkubwa: tumbo hufyonza takriban asilimia 10 hadi 20 tu ya unachomeza, na hicho kidogo hutoka mwilini haraka. Ndiyo sababu ya dozi nyingi kwa siku, na ndipo watu wanapokwama.

Shambulio la kwanza ndilo kali: homa, mitoki kwenye kinena, vidonda vingi, mkojo unaochoma. Hapo dozi ni miligramu 400 mara 3 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Upo pia mpango wa miligramu 200 mara 5 kwa siku. Unafanya kazi, lakini ni wachache wanaokumbuka dozi ya nne na ya tano. Ukiandikiwa huo, uliza kama ule wa mara 3 unakufaa.

Yanaporudi, saa ni muhimu kuliko wingi wa vidonge. Dalili za mwanzo ni kuwashwa, mchonyoto sehemu moja ile ile, au maumivu yanayoshuka takoni na pajani. Ukimeza hapo, au ndani ya siku ya kwanza ya malengelenge, unafupisha shambulio, na mara nyingine hata halitokezi. Ukingoja hadi yapasuke na kuanza kukauka, umemeza kwa ajili ya kujifariji. Omba cheti cha dawa mapema ili dozi nzima iwe nyumbani: miligramu 800 mara 2 kila siku kwa siku 5, au mara 3 kila siku kwa siku 2.

Valasiklovia ni asiklovia iliyofungwa vizuri zaidi. Mwili huigeuza kuwa asiklovia yenyewe, na zaidi ya nusu huingia kwenye damu. Kwa shambulio la marudio ni miligramu 500 mara 2 kila siku, kwa siku 3 tu. Bei yake huwa juu, na kwa anayepata shambulio mara moja moja hatuoni haja. Thamani yake inaonekana kwa anayemeza kila siku kuzuia: kidonge kimoja cha miligramu 500, dhidi ya asiklovia miligramu 400 mara 2 kwa siku. Zote hupunguza marudio kwa asilimia 70 hadi 80. Ila mwenye mashambulio 10 au zaidi kwa mwaka, valasiklovia ya 500 huweza isimtoshe. Daktari humpandisha hadi gramu 1.

Jambo jingine: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kwa wapenzi wa kike na kiume, mmoja akiwa na kirusi na mwenzake hana, ulionyesha valasiklovia ya kila siku inapunguza maambukizi kwa karibu nusu. Nusu, si yote. Kirusi hutoka hata ngozi ikiwa safi, kwa hiyo kondomu inabaki, na vidonda vikiwapo hakuna kujamiiana hata na kondomu.

Dawa zote mbili hazikifukuzi kirusi. Ukiacha, kinaendelea kilipoishia. Mwenye figo dhaifu apunguziwe dozi, na kila mtu anywe maji ya kutosha, kwani asiklovia huweza kuganda kama chembe ndani ya figo. Mjamzito mwenye historia ya ugonjwa huu amwambie mkunga mapema: kwa kawaida huanzishiwa asiklovia miligramu 400 mara 3 kwa siku kuanzia wiki ya 36. Vidonda vikiwapo uchungu unapoanza, hujifungua kwa upasuaji.

Kwa maumivu, jeli ya lidokeini (dawa ya ganzi) na kukojoa ukiwa umekaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu husaidia kuliko krimu yoyote. Mkojo ukigoma kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na kabla ya kununua chochote, hakikisha ni hepesi kweli. Kaswende nayo huleta kidonda, mara nyingi kisichouma. Kipimo kizuri ni PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, cha majimaji ya kidonda kibichi, kabla hakijakauka. Ukiuziwa kipimo cha damu cha IgM (aina ya kingamwili), kikatae: hakitofautishi maambukizi mapya na ya zamani.