Audi R8 V8 iliyotumika: ununue sasa au usubiri? Maoni ya mtu anayeiendesha

Wakuu, swali ninaloulizwa kila nikisimama petroli steshen na hii gari ni lile lile, ninunue R8 ya zamani sasa hivi au nivumilie mpaka ile ya kizazi cha pili ishuke bei? Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aendelee na shughuli zake. Kama unaitaka ile V8 (injini ya silinda nane) ya gia za mkono, na hela ya matengenezo umeshaitenga pembeni, nunua, usisubiri bei. Kama hela ya matengenezo huna, subiri, hata wakikuuzia kwa bei ya kutupa.

Naongelea Uingereza kwa sababu ndiko niliko na ndiko nilikoinunua, bei na kodi nitakazotaja ni za huku.

Kwa wasioifahamu, R8 ni gari ya spoti ya Audi, ilionyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 2006, ilikuwa ikiundwa Neckarsulm, Ujerumani. Injini imekaa nyuma ya viti vyenu wawili, unaiona kabisa kupitia kioo cha nyuma. Ile ya mwanzo ni V8 ya lita 4.2, hosipawa 420, na inapenda kuzungushwa, nguvu yenyewe inaipata kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika na haikatai hadi ipite 8,000. Mwaka 2009 ikaja V10 (silinda kumi) ya lita 5.2 yenye hosipawa 525, injini ambayo ni ndugu wa damu na ile ya Lamborghini Gallardo. Baadaye kuanzia modeli ya 2013 wakaitengeneza sura kidogo, wakaitupa R tronic, gia ya klachi moja inayobadilishwa na mashine, wakaweka S tronic ya klachi mbili. 2015 kikaja kizazi cha pili, V10 tupu na otomatiki tupu, alafu 2024 wakafunga kabisa, hakuna R8 mpya tena.

Sasa hapo kwenye kufunga ndo hesabu ya kusubiri inapobadilika. Watu wengi wanasubiri kwa mazoea ya gari za kawaida, kwamba gari yoyote ukiiacha miaka miwili mitatu itashuka tu. Hii V8 ikiwa mpya 2007 ilikuwa zaidi ya pauni 75,000, leo iliyotunzwa unaipata jirani na 40,000, kuna za chini na za juu kidogo kutegemea maili na historia. Yani anguko lake kubwa lilishatokea zamani na aliyelipia ni mwenye gari wa kwanza na wa pili, siyo wewe. Na ile ya gia za mkono ina jambo lake la ziada, ile sahani ya chuma yenye njia zilizo wazi ambapo kila gia ukiiingiza unasikia chuma kimegonga chuma, ni vigumu kuipata mpya kwenye gari ya namna hii siku hizi. Ferrari waliacha gia za mkono kwenye 458, Lamborghini Huracán haikuwahi kuwa nazo, R8 ya pili nayo hivyo hivyo. Kwahiyo wanaotaka kile kitu wote wanagombania gari zile zile chache za zamani na kila mwaka kuna zinazogongwa na kufutwa. Mimi nimeziangalia bei zake muda mrefu kabla ya kutoa hela na za gia za mkono zilizo safi hazikunipa hata dalili moja ya kunisubiri.

Upande wa pili nao usikilizwe, kwa sababu kusubiri kizazi cha pili kuna faida moja ambayo wauzaji hawaisemi kabisa: kodi ya barabara. Gari zilizosajiliwa Uingereza kati ya Machi 2001 na mwisho wa Machi 2017 zinalipa kulingana na moshi, na R8 ya kwanza iko kundi la juu kabisa, ni zaidi ya pauni 700 kwa mwaka hata kama imelala gereji, maadamu hujaiarifu serikali rasmi kwamba haitumiki barabarani. Zilizosajiliwa kuanzia Aprili 2017 zinalipa kiwango kimoja, na ikishamaliza ile miaka mitano ya nyongeza ya gari za bei kubwa, inarudi kwenye karibu pauni 200. V10 ya kizazi cha pili iliyosajiliwa tangu hapo inalipa kodi kama gari ya kupelekea watoto shule! Kwahiyo kama wewe gia za mkono hazikuhusu, unataka otomatiki nzuri na mlio wa V10, basi wewe kusubiri kwako kuna maana, weka akiba, hizo bado zina nafasi ya kushuka.

Ninachokataa ni ile njia ya katikati, ya kununua R8 ya kwanza yenye R tronic kwa sababu ni rahisi kuliko ya gia za mkono. Urahisi wake una sababu. R tronic ni gia ya mkono inayokanyagiwa klachi na mashine, klachi yenyewe moja, kwenye foleni inasita na kusukuma shingo, na klachi inalika haraka kwa mtu anayeendesha mjini. Ukiwa barabara ya wazi ukikanyaga mafuta yote ni tamu, sikatai, lakini maisha mengi siyo barabara ya wazi. Ukiipenda lazima kabla ya kulipa fundi achomeke mashine yake aone klachi imebaki kiasi gani, muuzaji akikataa hilo funga mazungumzo.

Sasa magonjwa yake, na hapa nitakaa maana ndipo hela zinapoishia.

La kwanza shokapu. Nyingi zilikuja na zile shokapu za sumaku, ndani kuna oili yenye chembe za chuma na umeme unaifanya iwe nzito au nyepesi kulingana na barabara. Zikiwa nzima gari inalainika vizuri ajabu kwa gari ya aina hii. Zikizeeka zinavuja, na bei ya moja mpya kutoka Audi ni ya kukaa chini kwanza, na ikivuja moja usidhani tatu zilizobaki zitakaa sana. Wengi wanaamua kuzitoa zote na kuweka za kawaida, gari inakuwa ngumu zaidi ila unalala usingizi. Ukienda kuangalia gari chuchumaa kwenye kila tairi, mulika na simu, ukiona unyevunyevu wa oili juu ya shokapu hiyo ni hoja ya kushusha bei siyo ya kusamehe.

La pili ni masizi kwenye vali. Hii injini inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, kwahiyo hakuna kinachoziosha, na mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini unagandia pale mwaka hadi mwaka mpaka njia ya hewa inakuwa nyembamba. Dalili ni kwamba gari inawaka, inaenda, lakini ile nguvu ya juu haipo na mwenyewe wala hajui kwa sababu imepungua taratibu. Dawa ni kufungua manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) na kupulizia maganda ya walnut yaliyosagwa hadi vali zing'ae. Mwenye gari aliyekwisha fanya hivyo atakuonyesha risiti hata hujamuuliza. Asiye nayo hesabu kwamba ni kazi yako.

La tatu ndilo ninalowasisitizia sana wanaotoka nyumbani na mazoea ya "fundi atanyoosha": bodi na chasisi ni alumini. Haipigwi nyundo na kukandikwa rangi kama Corolla. Inataka gereji yenye vifaa na watu wa alumini, na hizo siyo nyingi, na wanajua kwamba siyo nyingi. Gari iliyogongwa ikafutwa na bima kisha ikatengenezwa na kurudi barabarani huku inaandikwa kategori S (mifupa ya gari iliumia) au N (mifupa haikuumia), na kwa R8 mimi nasema hata N achana nayo kama huna picha za kazi yote ilivyofanyika. Angalia nafasi kati ya bonneti na taa, kati ya mlango na lile bamba la pembeni, zilingane pande zote.

Mengine ni madogo madogo: rejeta za mbele zinakula mawe kwa sababu gari iko chini, kompresa ya AC, tairi za nyuma ni pana, 295 kwenye rimu ya 19, na ukiona mtu ameweka tairi za bei poa kwenye gari kama hii jiulize na oili aliweka ipi.

Kuna yadi moja nilienda kuangalia ya kijivu, nzuri kwa macho, jamaa ana maneno matamu, historia imekamilika sijui mwenye gari ni daktari. Huku kila gari historia yake ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, iko wazi mtandaoni bure, unaandika tu pleti namba. Nikaisoma nimesimama pale pale mbele yake: miaka miwili mfululizo wameandika tairi zimekwisha upande wa ndani na shokapu ya nyuma inavuja, na kwenye kitabu cha sevisi hakuna pahala ilipobadilishwa. Nilimwonyesha akaniambia hayo ni maoni tu ya wakaguzi. Tairi kuliwa upande wa ndani maana yake magurudumu hayajanyooka sawa, ama gari imegongwa ama haijapimwa, siyo maoni. Nililipia pia ile ripoti ya kuangalia kama gari ina deni, na mjue huku gari nyingi za bei hii zinanunuliwa kwa mkopo na mpaka deni liishe mwenye gari ni kampuni ya mkopo, siyo huyo anayekupa funguo.

Ndo maana nasema kusubiri kwenyewe nakuunga mkono, ila subiri gari sahihi itokee, siyo kalenda. Mimi nilikataa kadhaa, na niliyoinunua siyo yenye maili chache kuliko zote, ina maili nyingi tu ila ina faili la risiti nene, shokapu zilishabadilishwa, vali zilishasafishwa, na kabla ya kulipa nilimlipa fundi wa hizi gari asiyemjua muuzaji akaipandisha juu akaikagua. Gari inayokaa tu gereji ya mtu maili 1,000 kwa miaka kumi siyo lazima iwe nzima, sili zinakauka, tairi zinazeeka.

Kuiendesha sasa. Hapa sina cha kupunguza. Asubuhi ya Jumapili barabara tupu, gia ya pili, unaipandisha mpaka mlio unabadilika kule juu, alafu unaisukuma chuma kwenda ya tatu. Usukani mwepesi unaoongea na mikono, quattro (mfumo wa Audi wa kusukuma magurudumu yote manne) inapeleka nguvu nyingi nyuma lakini mvua ikinyesha, na huku inanyesha kila siku, haikutishi. Kuona nje ni rahisi kuliko gari nyingi za namna hii, viti mke wangu amelala safari nzima Leicester hadi pwani. Buti la mbele ni lita 100, begi moja na viatu. Mafuta ndo hivyo, ukiwa mpole ni kama lita 15 kwa kilomita 100, ukiwa na furaha usiulize, na inataka petroli ya oktani ya juu.

Kwa tunaokwepa riba, kusubiri kwetu kuna sura nyingine kabisa, hakuna mkopo wa kuharakisha mambo, unajaza kibubu. Ushauri wangu kwa hao ni kwamba usimalize kibubu chote kwenye bei ya gari. Ukiwa na 40,000 tafuta ya 33,000 au 34,000 iliyo sawa, au endelea kujaza. Mwaka wa kwanza wa gari ya zamani ndo mwaka wa kugundua, na hizo elfu sita au saba zilizobaki ndizo zitakazokufanya uipende au uiuze kwa hasara.

Na wale wa "ntaitumia miaka michache alafu naipeleka nyumbani": Kenya haipokei gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe, R8 ya kizazi cha kwanza iliisha kuundwa 2015 kwahiyo mlango huo umeshafungwa. Tanzania umri siyo marufuku ila kuna ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na injini ya lita 4.2 haitakuonea huruma. Ndugu zetu walioko Dubai na Muscat zenu usukani uko kushoto, Kenya nako hazisajiliwi. Kama lengo ni kuisafirisha, hiyo ndo sababu ya kweli ya kusubiri ya kizazi cha pili, na hata hapo chungulia mwaka wa usajili kabla ya rangi.

Alama zangu: V8 ya gia za mkono yenye risiti, 9 kati ya 10, ile moja nimeikata kwa ajili ya bei za spea za Audi. R tronic, 5. Mwenye kutaka ya S tronic ya 2013 kuendelea aongeze hela kidogo kidogo, ni gari nzuri sana na kwa mtu wa foleni za London ni bora kuliko yangu.