Kalipa ya kidijitali kwa kamba za meli ya mfano: uzoefu wangu

Kalipa, kipimio chenye taya mbili zinazobana kitu na kuonyesha unene wake, niliinunua kwa sababu moja tu, kupima unene wa kamba za meli ninayoiunda kwa skeli ya 1:64. Kwenye mbao inafanya kazi safi kabisa. Kwenye kamba, siku ya kwanza ilinivuruga.

Kamba iliyoandikwa 0.5 mm ilisoma 0.48. Nikabana kidogo, 0.42. Nikabana tena, 0.37. Uzi uleule, mahali palepale! Kalipa haikuwa na kosa. Uzi ni laini, taya huuponda, kwa hiyo nilichokuwa napima ni nguvu za kidole gumba changu.

Sasa naizungusha kamba mara 20 kwenye penseli, mizunguko igusane bila kupandana, halafu napima upana wa mizunguko yote na kugawa kwa 20. Kamba ileile ikatoa 10.4 mm, yaani 0.52. Nikikosea 0.2 mm kwenye upana, kosa nalo linagawanywa, linabaki 0.01 tu. Usiivute sana, itakonda. Kama unapaka nta ya nyuki, paka kabla ya kupima, maana nta hulaza vinyweleo.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini lebo. Kamba iliyoandikwa 0.75 ilitoa 17.6 mm kwa mizunguko 20: ni 0.88! Nilikuwa naitaka iwe jarari, yaani kamba ya kupandishia tanga. Kamba za merikebu za zamani zilitajwa kwa mzingo, si kipenyo, na yangu ilipaswa kuwa ya inchi 6. Gawa kwa 3.14, unapata kipenyo cha milimita 48.5 hivi, kwa 1:64 ni 0.76. Hiyo ya 0.88 ingekuwa kamba ya milimita 56 kwenye meli yenyewe, na kwenye tundu la gofia, kapi inayopitisha kamba, iligoma kupita. (Nilikuwa nimeshailaumu gofia, nikaitoboa upya mpaka ikapasuka.)

Kero yangu ni betri. Hii yangu inatumia LR44, ile ndogo ya duara kama kifungo, na inaisha hata skrini ikiwa imezimwa, kwa hiyo naitoa kila nikimaliza kazi.

Kwa mbao, ningeinunua tena. Kama shida yako ni kamba tu, chukua rula ya kawaida, zungusha mara 40 badala ya 20, utapata jibu lilelile.