Uzoefu wangu: Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini

Wengi wetu tukifika Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, tunapiga picha sanamu za watumwa, tunachungulia vyumba vya chini, kisha huyoo Forodhani kutafuta mishikaki. Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo. Safari hii nilikuwa na shangazi yangu wa Muheza, Mwanglikana wa misheni ya Magila tangu kuzaliwa, na shangazi hana haraka.

Tulikosea jambo moja: njiani tulimchukua kijana aliyejitolea kututembeza. Alianza na Kiingereza cha kukariri, shangazi akamkatisha. "Mwanangu, sisi wa hapahapa. Sema Kiswahili." "Samahani, bibi." Basi hadithi ikamkwama kooni. Kwenye vile vyumba alituapia kuwa watumwa walifungiwa humo, hana shaka kabisa. Wapo wanahistoria wanaobisha, kwa kuwa jengo la juu lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali baada ya soko la watumwa lililokuwa hapa kufungwa. Ukiinama mle, dari likikugusa kisogo, ubishi unausahau kidogo. Tulimlipa, tukaachana kwa wema.

Kanisani ndiko nakushauri ukae. Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash akiwa amebanwa na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu: hapo, inasimuliwa, palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Shangazi alilizunguka, hakulikanyaga.

Tazama juu pia. Dari ni la mviringo kama pipa lililopasuliwa, limemiminwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Watu walidhani litaanguka. Halijaanguka. Karibu na mlango mkubwa kuna nguzo fupi za marumaru zilizosimama kichwa chini. Husemwa askofu alisafiri, aliporudi akakuta mafundi wamekwishazisimamisha, akaziacha. Mimi nisingeziona, shangazi ndiye aliyenivuta mkono.

Upo pia msalaba wa mbao, unaosemekana kuchongwa kutokana na mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ulipozikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyepinga biashara ya watumwa.

Lakini shangazi alikuja kwa ajili ya Edward Steere, yule askofu wa nguzo. Huyu alifika Unguja 1864, akakaa na Waunguja akijifunza lugha yao, akachapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, akakusanya ngano, akatafsiri Maandiko. Ujenzi wa kanisa hili aliusimamia mwenyewe. Alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Nikamkumbuka yule kijana na Kiingereza chake, nikacheka peke yangu.

Sanamu ziwekeni mwisho. Ni watu watano shimoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, 1998, na minyororo shingoni inasemekana ni ile ya kweli. Tulizikuta kundi la wanafunzi wakipiga kelele. Walipofika ukingoni mwa shimo kelele zikakatika zenyewe. Adhana ikaanza kwenye mnara wa msikiti wa jirani.

Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mwongozaji mchukulieni mlangoni pa kanisa, si njiani. Mimi nimetoa nyota tano. Shangazi anasema angetoa sita kama angekuta kinanda kinapigwa.