Siku Saba Hadi Tristan da Cunha: Tathmini ya Safari kwa Meli ya Mizigo

Kisiwa cha Tristan da Cunha, milki ya Uingereza katika Atlantiki ya Kusini, kiko takriban kilomita 2,800 kutoka Cape Town, hakina uwanja wa ndege, na wakazi wake hawafiki 300. Anayetaka kukifikia hana budi kupita baharini, na njia ya kawaida ni kupanda mojawapo ya meli chache zinazopeleka shehena huko na kurudi na kambakoche waliogandishwa. Mimi nilisafiri kama mgeni tu, bila kazi rasmi wala jamaa kisiwani. Huduma niliyoinunua, na ninayoitathmini hapa, ni ya kuvuka bahari. Kukanyaga ardhi ya kisiwa ni jambo jingine, ambalo tiketi haiwezi kuliahidi.

Upande wa nchi kavu ndio ulionivunja moyo. Mgeni hutakiwa kupata idhini ya Baraza la Kisiwa, kuwa na tiketi ya kurudi, na kukata bima inayogharamia kuhamishwa kwa mgonjwa, na hayo yote wakala aliyenihudumia aliyaeleza vizuri. Asichokieleza ni kwamba meli ya mizigo haichukui abiria zaidi ya 12, kwani ikizidisha idadi hiyo huhesabiwa kuwa meli ya abiria kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za usalama, na kwamba katika kugawa nafasi hizo chache wagonjwa na wakazi hutangulizwa mbele ya watalii. Utaratibu huo ni wa haki kabisa, na nisingependa mzee anayerudi kwao baada ya matibabu aachwe gatini ili mimi nikautazame mlima. Kosa ni kunyamaza. Tarehe ya kuondoka ilisogezwa mara mbili, na mara zote mbili nilipata habari kwa sababu nilipiga simu mwenyewe.

Baharini malalamiko yangu ni machache. Kisiwa kipo kwenye latitudo ya digrii 37 kusini, ambako pepo kali huvuma kutoka magharibi, na kwa kuwa ndiko meli inakoelekea, wakati wa kwenda mawimbi huipiga omo, yaani sehemu yake ya mbele, usiku na mchana. Chumba kilikuwa kidogo na safi, karibu mno na injini, na kitanda kilikuwa na ubao wa kumzuia mtu asianguke. Chakula kilikuwa cha kutosha, ingawa kwa siku mbili za kwanza sikuweza kukigusa. Jambo zito zaidi ni afya: mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini hulazimisha kuwapo daktari pale tu ambapo meli ya safari ndefu ina watu 100 au zaidi, hivyo kwenye meli kama yetu anayehudumia wagonjwa ni baharia aliyefunzwa, naye hupokea ushauri kwa njia ya mawasiliano. Hakuna helikopta inayoweza kuruka kutoka Cape Town hadi katikati ya njia hiyo na kurudi. Mwenye maradhi ya moyo au mjamzito anapaswa kulitafakari hilo kabla ya kulipa.

Siku ya saba tulitia nanga mbele ya kijiji, nyumba zikionekana waziwazi, na hapo tukakaa siku mbili bila kushuka. Sababu yake ina historia. Volkano ilipolipuka mwaka 1961 na wakazi wote kuhamishiwa Uingereza, mtiririko wa lava ulizifunika fukwe walizokuwa wakizitumia kupandisha mashua. Waliporudi mwaka 1963 ilibidi ijengwe bandari mpya, nayo ni ndogo kiasi kwamba hakuna meli kubwa inayoweza kuingia. Kwa hiyo abiria hushushwa kwenye mashua nje ya bandari, na mawimbi marefu yanayotoka mbali yakiwa juu, hata chini ya jua zuri, mlango wa bandari haupitiki. Wapo wanaofika hapo kwa meli kubwa za kitalii na kugeuka bila kushuka, kwa sababu ratiba yao haina siku ya kungojea.

Asubuhi ya tatu tuliitwa. Ukining'inia kwenye ngazi ya kamba, mashua hupanda karibu na miguu yako kisha huzama ghafla, na hutakiwi kuruka mpaka baharia aliye chini akuamuru. Aliniambia, "Bado, bado, sasa," na mikono miwili ikanidaka. Kwa umahiri huo, na kwa nahodha aliyekataa kuharakishwa na abiria waliokuwa wakinung'unika, nawapa mabaharia alama zote. Vilevile nawasifu kwa ukaguzi wa viatu na mizigo, unaozuia mbegu na wanyama wageni kuingia kisiwani. Kwenye kisiwa jirani cha Gough panya walioletwa na meli huwala makinda ya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, yakiwa hai, hivyo nusu saa ya kupiga mswaki nyayo za viatu si usumbufu.

Kurudi kulichelewa siku nne. Wakala alikuwa amenishauri ninunue tiketi ya ndege ya siku inayofuata tarehe ya kufika Cape Town, na tiketi hiyo ilipotea yote. Acheni walau siku kumi katikati, na idhini ya kukaa Afrika Kusini iwe bado hai mtakaporejea bandarini.