"Si nilikuambia?": safari yangu ya gorila Bwindi

Nimeyaandika haya mara mbili nikayafuta. Mara ya kwanza niliipa kampuni iliyonipeleka nyota nne, kwa sababu gari lilikuwa zima, dereva anaijua barabara kama kiganja chake, na chumba walichonitafutia Buhoma, kwenye lango la msitu wa Bwindi nchini Uganda, kilitazama miti. Mara ya pili nikawashusha hadi mbili. Leo nimeusoma tena ujumbe wao wa mwisho, na hata hiyo nyota moja naitoa shingo upande.

Nianze kwa kusema kwamba gorila sikuwaona, na silalamikii hilo.

Nilikuwa nimewangoja muda mrefu sana. Viatu nilinunua miezi kadhaa kabla, kila jioni nikawa navivaa kupanda na kushuka ngazi ili vizoee miguu. Nikatafuta soksi ndefu za kuchomekea suruali, maana siafu wa kule hawana huruma, na glavu nene za kushikia miiba. Nilisoma kila nilichopata. Hesabu ya mwaka 2018 ilionyesha gorila wa milimani 459 upande wa Bwindi, na ukiwajumlisha na wenzao wa milima ya Virunga, mpakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo, wanafika 1,063. Hakuna wengine wa milimani popote duniani, hata kwenye bustani za wanyama. Wote hao wangeenea kwenye ukumbi mmoja mkubwa wa harusi. Kila nikikumbuka hilo nilikuwa nakosa usingizi kwa furaha.

Basi tukaondoka Kampala alfajiri, mvua inanyesha. Tulipofika Mbarara koo lilikuwa limeanza kuwasha. Butogota napiga chafya mfululizo. Dereva, ambaye ndiye pia aliyekuwa kiongozi wetu kwa niaba ya kampuni, alinihudumia vizuri, nisimnyime haki yake. Alisimamisha gari akaninunulia tangawizi na ndimu, akanipa blanketi lake mwenyewe, na kila baada ya muda akawa ananitazama kwenye kioo: "Pole, dada. Tunakaribia."

Usiku ule, baada ya chakula, akaja hadi mlangoni kwangu. Alinipa vidonge viwili vya rangi ya chungwa vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Akasema nimeze kimoja usiku, kingine asubuhi kabla ya kuingia mapokezi ya hifadhi. Nikamshukuru nikidhani ni dawa ya kunisaidia kulala. Ndipo akaongeza kwa sauti ya chini:

"Wakiuliza nani anaumwa, wewe nyamaza tu. Kikohozi kikija, geukia pembeni ujifanye unafunga kamba za viatu. Wote wanafanya hivyo, dada."

Nilisimama pale na ile karatasi mkononi. Nikamuuliza, na gorila je? Akacheka. "Gorila ni mnyama wa porini. Amezoea."

Hapana, hajazoea! Mafua yetu sisi hayajui kabisa. Mwaka 1996, hapo hapo Bwindi, upele unaoaminika kutoka kwa watu uliingia kwenye kundi la gorila. Kitoto kimoja kikafa, wengine wakapona kwa dawa aliyowachoma daktari wa wanyama, Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka. Mwaka 2009 kule Rwanda kundi jingine liliugua kifua, jike mmoja mzima na kitoto wakafa, na walipopimwa kikakutwa kirusi cha binadamu cha njia ya hewa. Ndiyo maana mgeni anavaa barakoa, anasimama mita kumi mbali, na anapewa saa moja tu, watu wasiozidi wanane kwa kundi kwa siku. Na hata hizo mita kumi ni zetu sisi, kwa sababu watoto wa gorila wana udadisi na wanaweza kukufuata wenyewe pale uliposimama. Mtu anayeishi kwa kazi ya kupeleka wageni kwa wanyama hawa anayajua yote hayo kuliko mimi. Hilo ndilo lililonichoma.

Sikulala. Nisijifanye mtakatifu: kidonge cha kwanza nilikimeza, na kufika saa kumi usiku nilikuwa nimeshajishawishi mara kadhaa kwamba ni vumbi tu, kwamba chumba kina baridi, kwamba barakoa itatosha. Yaani nimesafiri siku nzima, nimejinyima mwaka mzima, halafu nirudishwe mlangoni?

Asubuhi mapokezi palikuwa na ukungu, mabonde yote ya nyuma yamefunikwa meupe. Wafuatiliaji walikuwa wameshatangulia kuanzia pale gorila walipolala jana yake. Askari wa hifadhi, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alitupanga kwenye makundi na kusoma masharti. Akauliza kama kuna yeyote mwenye mafua, kikohozi au kuharisha. Dereva wangu alikuwa amesimama kwenye nguzo, ananikazia macho.

Nikanyoosha mkono.

Yule mama hakunifokea. Alinisogeza pembeni, akaacha Kiingereza cha wageni akaongea Kiswahili. "Pole sana, dada yangu. Ahsante kwa kusema. Kundi mlilopangiwa lina kitoto ambacho hakijamaliza mwezi." Machozi yalinitoka hapo hapo mbele za watu. Akanishika bega, akakaa nami hadi wenzangu saba walipoondoka na fimbo zao na wapagazi wao, wakapotea kwenye miti.

Walirudi alasiri wamejaa tope hadi magotini, hawawezi kuacha kucheka. Binti mmoja alisimama mbali kidogo akaninyooshea simu ili nione. Jike amekaa kwenye majani, mkono mmoja unavuta jani, mwingine umeshika kitu cheusi kidogo kifuani, kisha kile cheusi kikageuka kikawa na macho. Nilikuwa natabasamu, naapa. Ndipo dereva akapita nyuma yangu, akatazama simu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Ona sasa. Si nilikuambia?"

Ni maneno mawili tu hayo ya mwisho, lakini ndiyo niliyorudi nayo nyumbani. Njia nzima hadi Kampala sikumwambia kitu zaidi ya "ndiyo" na "hapana".

Wiki kadhaa baadaye nikawa nimepoa. Nikajiambia labda namwonea. Huenda mshahara wake ni mdogo na anategemea bakshishi, na mgeni aliyekosa gorila hana moyo wa kutoa bakshishi. Na blanketi lile lilikuwa lake, siku nzima alikaa na fulana tu kwenye baridi ile. Ndipo nikaandika zile nyota nne, na kwa heshima nikaipigia ofisi yao nikaomba jambo moja: wawaambie madereva wasiwafundishe wageni kuficha ugonjwa. Fedha sikudai hata senti.

Jibu lao likaja kwa ujumbe. Dereva "alikuwa anajaribu kukusaidia ufurahie safari," na wanasikitika kwamba "uliamua mwenyewe" kutoingia msituni. Niliamua mwenyewe! Hawakusema watamwonya wala watauliza. Kwa hiyo lile neno lake la usiku, kwamba wote wanafanya hivyo, sasa naliamini, na ndilo linalonitisha kuliko ukorofi wake. Ni wageni wangapi wamefunga kamba za viatu mbele ya kitoto kile?

Msinielewe vibaya kuhusu Bwindi yenyewe. Nendeni. Kesho yake yule mama askari alituma ujumbe kuniuliza hali, na nilikaa kibarazani nikisikiliza msitu ukidondosha maji muda mrefu baada ya mvua kukatika, nikaona hata hapo nilikuwa nimefika mahali.

Nami narudi. Nimempata wakala mwingine, na swali la kwanza nililomuuliza, kabla ya tarehe na kabla ya bei, ni hili: nikiamka na mafua siku hiyo, mtafanyaje? Akanyamaza kidogo, kisha akasema nitabaki chumbani, na nisiposema mimi atasema yeye. Nimelipa nusu. Viatu viko mlangoni, na jioni nimeanza tena kupanda na kushuka ngazi.