Bobini ya uzi ya mita 45 kwa wanaotaka kuingia ndani ya boti zilizozama

Seti inakuja ndani ya mfuko mmoja: bobini ya aluminiyamu yenye uzi wa mita 45 wa kukuongoza kurudi mlangoni, tochi kubwa, tochi ndogo ya akiba na kisu. Kwenye boksi wameandika kwamba hivyo vinamtosha mpiga mbizi anayeanza kuingia ndani ya meli iliyozama. Bobini ni nzuri kweli. Maandishi hayo ndiyo tunayoyapinga, hasa kwa wanaozamia hapa Goma.

Uzi ni wa nailoni iliyosukwa, unene kama milimita 2, na una fundo kila mita 3. Nailoni huzama, kwa hiyo inakaa pale ulipoiweka. Uzi wa polipropilini huelea na kuwanasa watu miguuni. Mafundo yana kazi kubwa. Tope likitifuka mpaka huoni mkono wako mwenyewe, vidole ndivyo vinavyohesabu: mafundo sita ni mita 18. Usibadilishe uzi huu kwa ule mwembamba wa kuvulia samaki eti kwa sababu ni rahisi. Ukivaa glavu huusikii, na ukikaza unakata.

Kasoro tuliyoikuta: ncha ya ndani ya uzi haikufungwa kwenye bobini. Ukifika mwisho, uzi wote unatoka na unabaki na bobini tupu mkononi. Kabla ya matumizi ya kwanza, ukunjue wote, funga ncha hiyo, uloweke, kisha uuzungushe tena ukiwa umelowa na umekazwa sawasawa. Acha nafasi ya upana wa kidole hadi ukingoni.

Breki ni skrubu ya pembeni. Ikaze kiasi kwamba bobini inazunguka ukivuta kwa kidole kimoja, lakini ukiachia inasimama. Ikilegea, uzi unajimwaga, unaruka ukingo na kujisokota kwenye ekseli. Hapo anayeanza huvutavuta kwa nguvu, anageuka kutafuta kilichokwama, na kwa kugeuka kule anajifunga mwenyewe. Bobini ikikwama, kaza skrubu, ifunge kwenye chuma kilicho karibu, uiache hapo na utoke kwa kufuata uzi.

Kuutandaza uzi kuna utaratibu wake. Fundo la kwanza linafungwa nje ya mlango, mahali ambapo juu yako ni maji matupu. La pili linafungwa ndani kidogo tu ya mlango. Baada ya hapo unauzungusha kwenye kitu imara kila unapobadili mwelekeo, ukikwepa kingo za bati lenye kutu, maana zinakata nailoni kama wembe. Mwenye bobini huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho.

Tochi kubwa inafaa. Hesabu ya tochi ndiyo mbovu: kuingia ndani kunadai tatu kwa kila mtu, na mojawapo ikizimika safari imeisha, mnatoka. Kisu nacho ni kirefu, kina ncha kali, na kinafungwa kwenye mguu, mahali ambapo aliyenaswa hafikii. Kwenye Ziwa Kivu kitu cha kunasa watu ni nyavu za sambaza, wale samaki wadogo, zilizokatikia kwenye mabaki. Nunua vikata-uzi viwili vifupi, uviweke kifuani ambapo mkono wowote unafika.

Sasa hayo maandishi ya boksi. Watu wanaona video za Thistlegorm, ile meli ya Waingereza iliyozama Bahari ya Shamu mwaka 1941, na wanadhani kila meli iko hivyo: maji angavu, milango mipana, mwanga ukiingia kutoka pande zote. Boti za ziwani ni finyu, na zimejaa tope laini. Piga pezi mara moja kwa kwenda chini, chumba kinageuka giza. Hata mapovu yako yakigonga dari yanaangusha kutu.

PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, inaweka kikomo cha mita 40 kutoka juu ya maji, kina na umbali wa ndani vikijumlishwa, tena bila kuacha mwanga wa mlango. Boti ikiwa kwenye mita 22, unaruhusiwa mita 18 tu ndani, yale mafundo sita. Uzi unaobaki kwenye bobini si ruhusa ya kuendelea.

Hewa inabana kuliko uzi. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 unagawanywa mara tatu: theluthi ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya balaa. Theluthi moja ni kama lita 800. Kwenye mita 22 mtu mtulivu hutumia kama lita 60 kwa dakika, yaani dakika 13. Akishikwa na hofu matumizi huongezeka mara mbili, na zinabaki sita.

Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kawaida ya baharini ya muda wa kukaa chini hayafai hapa; weka kompyuta ya kupigia mbizi, ile inayovaliwa mkononi, kwenye hali ya mwinuko kabla ya kuingia majini. Baada ya kuzamia, siku hiyo usipande mlima Nyiragongo wala ndege.

Mitungi isijazwe bondeni. Mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, hutulia kwenye mashimo, na mdomo wa kompresa ukiwa chini unaivuta. Na ukikuta hewa iliyonaswa darini ndani ya boti, usitoe kifaa cha kupumulia mdomoni: kutu na uozo hula oksijeni.

Merdi, boti ya abiria iliyozama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, iliua abiria wengi. Mabaki kama hayo si uwanja wa mazoezi kwa yeyote.

Muuzaji akikubali kukuuzia bobini peke yake, ichukue. Anza nayo nchi kavu: funga uzi kati ya miti kumi, kitambaa machoni, urudi ukiugusa bila kuuvuta. Kisha rudia kwenye maji ya mita 5, nje kabisa ya boti yoyote, pamoja na mwalimu mwenye cheti cha kufundisha uzamiaji wa mabaki ya meli.