Spika sina neno nazo, ila waliozileta!

Spika zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na huduma ya kuzileta na kuzifunga, hasa yule aliyejiita fundi mkuu. Kungekuwa na nyota chini ya moja, ningempa hiyo.

Sebule yangu iko ghorofani, na sakafu ni ya mbao juu ya boriti, si zege. Kwa hiyo kabla hawajapandisha mzigo niliuliza swali ambalo yeyote mwenye kitu cha kilo 130 mlangoni, tena viwili, angeuliza: sakafu itahimili? Yule bwana hata hakuinua macho kwenye simu yake. "Kwani nyumba yako ya maboksi, bosi?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, basi tu, ustaarabu wa mwenye nyumba. Nikikumbuka damu inanichemka.

Swali lile halikuwa la kipuuzi. Kanuni za ujenzi za nchi nyingi huitaka sakafu ya nyumba ya kuishi ibebe kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba. Sasa chukua spika ya kilo 130 yenye kitako cha sentimita 40 kwa 50, piga hesabu: ni sawa na kilo 650 kwa mita ya mraba! Ukiishia hapo hulali. Lakini kanuni ile huhesabu chumba kizima kimejaa mzigo. Chumba cha mita za mraba 20, kwa kilo 150 tu, ni tani 3. Watu wazima wanne wakibanana kupiga picha wanakaribia kilo 300, na hakuna anayemwita mhandisi. Jibu la fundi anayejua kazi lingekuwa fupi: kama boriti ni nzima, hazijaoza wala kukatwa kupitisha mabomba, hakuna shida kubwa, ila tuziweke karibu na ukuta boriti zilikoegemea, na kila spika ikanyage zaidi ya boriti moja. Ndiyo hivyo tu. Ningemshukuru.

Badala yake walizitua katikati ya chumba, mahali mbao zinaponesa zaidi, wakazifunga chini vile vyuma vyenye ncha kali ambavyo ndiyo miguu yake na kuzisimamisha juu ya mbao tupu. Uzito wote wa spika moja umegawanyika kwenye ncha nne: kilo 32 na ushei kila moja, kwenye sehemu isiyozidi ncha ya penseli. Nilisikia "ta!" Vanishi ikapasuka kufuata mshipa wa mbao. Nikapiga kelele. Yeye akasema ndivyo inavyotakiwa, ncha lazima zishike, kisha akaisukuma spika kidogo kuinyoosha. Kuisukuma! Sasa nina mifereji miwili yenye urefu wa kiganja, kina chake kinaingiza ukucha.

Haya, walipoondoka nikawasha. Na hapa hasira yangu inanisaliti, maana nilikaa kitako nikasahau mifereji. Sauti ya mwimbaji ilisimama pale kati ya spika mbili, unasikia hadi anavyovuta pumzi. Kwa dakika hizo ningewapa nyota tano wote, hata yule mshenzi.

Mpaka besi ilipoanza. Sakafu ya mbao ikichokozwa nayo huwa ngoma. Glasi zikalia kabatini, na sindano ya santuri ikawa inaruka hata mtu akipita tu. Ikabidi niite vijana wa jirani. Tuliinamisha spika, tukaingiza blanketi chini na kuziburuta taratibu hadi karibu na ukuta. Glasi zikanyamaza, ingawa huko nako besi ilivimba, nikazivuta mbele kidogo. Ndiyo, kuna kazi ya kutafuta mahali pake. Lakini si ndiyo kazi niliyowalipia?

Halafu, nilipokuwa nakunja maboksi, nikakuta mfuko wa nailoni umebandikwa ndani ya kifuniko, haujafunguliwa. Ndani yake kuna visahani vinane vya chuma vya kuweka chini ya ncha. Vinane! Kila ncha na chake, vimetoka kiwandani. Hawakuufungua hata mfuko.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu spika, nunua, sakafu ya mbao isikutishe. Ukiniuliza kuhusu huduma, fungua maboksi mwenyewe kabla hawajagusa kitu. Nilipiga simu kudai gharama ya mbao mbili. Aliyepokea akaniuliza kama ningependa kuuziwa visahani. Nikakata. Wiki iliyofuata nikapiga tena, nikaambiwa suala langu linashughulikiwa, na hadi naandika haya bado linashughulikiwa.